Pampu inazima baada ya dakika kumi, ikipoa inawaka tena. Nisaidieni kabla sijanunua kabureta

MkulimaNyando (Ahero)

Wadau, habari za jioni. Nina pampu ya petroli ya inchi mbili, injini yake ni ya Kichina, zile zilizoigwa kwa GX160 ya Honda. Natoa maji mtoni kumwagilia nyanya na sukuma. Asubuhi inawaka kwa mvuto wa kwanza, inatoa maji vizuri, halafu baada ya kama dakika kumi inaanza kukohoa, inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka, inarudia yaleyale. Fundi wa sokoni amefungua kabureta mara mbili, akaweka plagi mpya, na sasa anataka nimnunulie kabureta nzima. Oili iko, petroli iko. Jua linachoma nyanya zangu. Mnasemaje?

Kondele_Spea

Kabureta hiyo. Za Kichina hazisafishwi, zinatupwa. Weka mpya usahau.

FundiKibos

Omera, usitoe pesa bado. Nijibu haya kwanza:

Inazima ghafla kama mtu amezima swichi, au inafifia polepole huku ikikohoa? Ukivuta choki (ile ya kupunguza hewa) wakati inakohoa, inaamka kidogo? Umeiweka pahali bapa au imeinama upande wa mto? Na mfuniko wa tangi ni ule iliokuja nao?

Nauliza kwa sababu kuzima ghafla ni mambo ya moto wa plagi: koili ikipata joto inakata, au ile swichi ya oili inadhani oili imeisha kwa sababu mashine imeinama. Kufifia ni njaa ya petroli. Na kuna ya tatu, inayodanganya mafundi wengi: valvu ikibana sana, injini ikiwa baridi inawaka, ikishika moto inapoteza pumzi na haiwaki tena mpaka ipoe.

MkulimaNyando

Inafifia. Na ni kweli, nikivuta choki inaamka kidogo kisha inakufa. Iko bapa, kijana alichimba ukingo akaisawazisha. Mfuniko wa awali ulipotea. Kijana wa shamba amefunga tangi kwa karatasi ya nailoni na mpira wa tyubu, amekaza vizuri sana, hata tone halimwagiki.

Mama_Njoro

😂😂 Hata tone halimwagiki, na hata hewa haiingii!

FundiKibos

Mama ameshamaliza kazi. Tangi la hizi injini liko juu ya kabureta, petroli inashuka yenyewe kwa uzito wake, hakuna pampu ya mafuta. Kila petroli inapotoka, lazima hewa iingie kujaza nafasi yake, na inapita kwenye katundu kadogo kwenye mfuniko. Umewahi kutoboa debe la mafuta ya kupikia tundu moja tu? Yanatoka kidogo, yanasimama. Hivyo ndivyo tangi lako linavyofanya. Likipumzika, hewa inapenya polepole pembeni ya nailoni, na wewe unadhani injini "imepoa".

Jaribu hivi kesho: iwashe, ngoja ianze kukohoa, legeza hiyo nailoni. Ikishika roho palepale, kabureta yako ni nzima. Ukinunua mfuniko hakikisha una tundu la hewa. Na hiyo nailoni itoe hata kama mfuniko haununuliwi leo, ekzosi iko shibiri moja kutoka kwenye tangi, mvuke wa petroli hauna urafiki.

Kondele_Spea

Sawa, lakini fundi hawezi kukosa kuona tangi limefungwa kwa nailoni.

FundiKibos

Anaiona, anaifungua ili amwage petroli, anasafisha kabureta, anawasha kwa dakika mbili mbele ya mteja, inanguruma, analipwa. Shida inakuja dakika ya kumi, na saa hiyo mteja yuko kwenye boda anaelekea Ahero.

Mama_Njoro

Fundi, kwa kuwa uko hapa usiondoke. Mimi nina mashine ya kukata majani ya ng'ombe, injini ya aina hiyohiyo. Tuliinunua Kisumu ikiwa imetumika, kule ilikata napia kama haina kazi. Nimeileta Njoro, inatoa moshi mweusi, plagi inajaa masizi, na nikishindilia mabua ya mahindi inataka kufa. Kijana mmoja anataka kufungua gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidi spidi yake, "ipate spidi". Nikubali?

Bahati_Sub

Gavana huyo mama akitolewa hakuna seneti ya kumrudisha 😂

FundiKibos

Mama, mwambie huyo kijana aache kabisa. Hizi injini zimepangiwa mwisho mizunguko 3,600 kwa dakika. Ndani yake hakuna pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo chini ya konrodi (ule mkono unaoshika pistoni) kinachochota oili na kuirusha huku na huku, basi. Konrodi yenyewe ni ya aluminiamu. Ukiachia injini izunguke bila gavana, siku moja konrodi inakatika na kutoboa bloku ubavuni, na kwako mashine ina visu vinavyozunguka mbele ya mtu anayelisha majani. Usiruhusu.

Sasa moshi mweusi. Mweusi maana yake petroli nyingi, hewa kidogo. Usiende kwenye kabureta, anza na filta ya hewa. Mashine ya majani inafanya kazi katikati ya vumbi la mabua makavu, na hiyo filta inajaa kuliko ya pampu iliyo mtoni. Kitabu kinasema isafishwe kila saa 50 za kazi, na pahali pa vumbi mapema zaidi. Kwa kazi yako ningeiangalia kila wikendi. Ile ya sponji inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, inakaushwa kabisa, inachovywa kwenye oili safi ya injini, halafu inakamuliwa mpaka isidondoke. Ile ya karatasi haioshwi. Inagongwagongwa kwenye ubao vumbi litoke, ikishindikana inabadilishwa. Usiioshe kwa petroli, na usikubali mtu akuambie ukate bila filta "ipumue". Vumbi likiingia linasaga silinda na ringi, na hapo utaanza kuona moshi wa bluu.

Jaribio la haraka: itoe filta, washa kwa muda mfupi sana pahali pasipo na vumbi. Moshi ukipungua, shida umeishika mkononi.

Ikiwa filta ni safi na moshi bado, basi ni mwinuko. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru mjini ni kama 1,850, na ninyi Njoro mmepita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi lakini jeti ya kabureta, yaani katundu kanakopitisha petroli, inatoa petroli ileile ya Kisumu, ndiyo maana inamwaga kupita kiasi. Honda kwenye kitabu cha GX160 wanasema ukifanya kazi siku zote juu ya mita 1,500, kabureta irekebishwe, yaani iwekewe jeti ndogo. Wanasema pia hata baada ya hapo nguvu hupungua karibu asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: Njoro umepoteza kama robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye stika. Hiyo hairudishwi na fundi yeyote. Lisha mashine mabua machache machache, na noa visu, maana kisu butu nacho kinakula nguvu.

Kitu kimoja: ukija kuiuza Kisumu, jeti ya zamani irudi. Jeti ndogo huku chini inanyima injini petroli, inapata joto kupita kiasi.

Mama_Njoro

Ubarikiwe. Nimefungua filta sasa hivi. Haikuwa sponji tena, ilikuwa kama mkate wa chapati ulioungua, na ndani kuna vipande vya mabua. Naiosha.

Mwalimu_Lurambi

Salamu kutoka Kakamega. Mimi yangu ni ya kufyeka, ile ya kuning'iniza begani. Uwanja wa shule nyasi hazingojei mtu kwa mvua yetu hii. Tumegawanyika kuhusu kuchanganya oili na petroli. Mlinzi anasema kifuniko kimoja cha soda kwa lita, mwingine anasema "kadiria kwa macho mpaka rangi igeuke".

FundiKibos

Mwalimu, kwanza tutenganishe. Za pampu, jenereta na mashine ya majani ni injini za mipigo minne, zina oili yao chini na hazichanganywi kitu. Nyingi za kufyekea begani, na misumeno ya miti, ni mipigo miwili, hazina hifadhi ya oili, oili inakuja na petroli. Ukiweka petroli tupu pistoni inakwama kwenye silinda siku hiyohiyo.

Kipimo hutegemea mashine. Kimeandikwa kwenye mfuniko wa tangi au kwenye kitabu. 25 kwa 1 ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. 50 kwa 1 ni mililita 20. Stihl, kwa mfano, wanasema 50 kwa 1 ukitumia oili yao, na 25 kwa 1 ukitumia oili nyingine ya mipigo miwili. Chukua sirinji kutoka duka la dawa ya mifugo, hiyo haina ubishi. Changanya kwenye mtungi, usichanganye ndani ya tangi la mashine, tikisa, na utikise tena kila unapojaza. Na iwe oili ya mipigo miwili, usichukue ile ya gari iliyobaki.

Ikianza kuwaka vizuri lakini haikazi, inalia tu bila nguvu, angalia wavu mdogo kwenye mdomo wa ekzosi. Unaziba kwa masizi. Toa, safisha kwa brashi ya waya, rudisha.

Mwalimu_Lurambi

Wavu uko, na ni mweusi tititi. Kumbe mashine ilikuwa imezibwa pua. Sirinji nitapata sokoni kesho.

Bahati_Sub

Tukirudi kwa oili. Mimi kwa pampu yangu natumia oili ya boda, 20W-50, kwa sababu iko kila duka. Kuna ubaya?

Kondele_Spea

Hakuna ubaya. Nauza kila siku.

FundiKibos

Inauzika, sikatai. Kitabu kinataka 10W-30 kwa matumizi ya kawaida, na SAE 30 inakubalika pahali pa joto. 20W-50 ni nzito asubuhi ya Bahati, kile kijiko nilichosema lazima kiirushe mpaka juu. Kwa Kisumu mchana sitakupinga. Lakini mimi ningekuona mjanja zaidi ukitumia hiyo ya boda na kuibadilisha kwa wakati, kuliko ukitafuta 10W-30 ukaiacha mwaka mzima. GX160 inachukua karibu lita 0.6 tu. Oili kidogo hivyo inachafuka haraka.

Mashine mpya, oili ya kwanza inatolewa baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, maana ina unga wa chuma uliosagika vyuma vikizoeana. Baadaye kila saa 100 au miezi sita. Watu huniambia "bado ina rangi". Mimi siulizi rangi. Andika tarehe kwa maka kwenye tangi.

Mwaga ikiwa na joto ili uchafu utoke nayo. Ukipima, mashine iwe bapa, futa kijiti, kiingize bila kukikaza. Ukikikaza unasoma oili nyingi kuliko iliyopo.

Bahati_Sub

Hapo kwa kukaza umenipata. Swali la pili. Kisima changu ni cha kuchimbwa kwa mkono, maji yako kama mita tisa chini. Pampu inalia lakini maji hayaji. Jirani ananiambia nitengeneze jukwaa ndani ya kisima nishushe pampu karibu na maji.

FundiKibos

Usishushe. Soma tena: usishushe injini ya petroli kisimani. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, inajaa shimoni, na anayeteremka kuizima hatoki. Mara nyingi anayemfuata kumwokoa pia hatoki. Usiwashe wala usishuke kuiangalia muda mfupi baada ya kuwashwa. Jenereta ndani ya nyumba au kibanda stima ikipotea ni hadithi ileile.

Kuhusu maji kutokuja, injini yako haina kosa. Pampu haivuti maji, inaondoa hewa kwenye mpira na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Usawa wa bahari hiyo nguvu inainua kama mita kumi. Nakuru inabaki kama nane, na hiyo ni kwa karatasi. Ukitoa hasara za mpira, viungo na valvu ya chini, hesabu mita sita. Mita tisa huvuti hata ukinunua injini kubwa mara mbili. Tafuta pampu ya kuzamisha majini, ya umeme au ya sola.

Na wakati uliokuwa unaiacha ilie bila maji, sili ya pampu ilikuwa inaungua, maana maji ndiyo yanayoipoza. Siku zote jaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha.

Bahati_Sub

Nimeelewa. Jukwaa tulikuwa tumeshanunua mbao. Zitakuwa za banda la kuku.

Mwalimu_Lurambi

Jambo lingine la kujadiliwa ni petroli ya chupa ya barabarani. Huku kwetu ukikaa mbali na kituo unanunua tu.

Kondele_Spea

Tangu mafuta ya taa yawekewe ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, faida ya kuchakachua ilipungua. Zamani ilikuwa balaa.

FundiKibos

Ilipungua, ni kweli. Huku chini bado naona maji kuliko mafuta ya taa. Mtungi unakaa wazi mvua ikinyesha, au unajazwa bila kukaushwa. Chini ya kikombe cha kabureta kuna bolti. Funga koki ya petroli, fungua hiyo bolti, kinga kwa chupa inayoonekana ndani. Maji hayachanganyiki, utayaona yanajikusanya chini kama shanga. Ukiyaona, mwaga tangi lote.

Kwa wale ambao mashine inakaa tangu mvua ianze mpaka kiangazi: petroli ikikaa miezi inageuka gundi na kuziba jeti. Funga koki, acha injini ijizime yenyewe kwa kumaliza iliyo kwenye kabureta, mwaga ya tangi. Wengi wanaoniletea mashine mwezi wa Januari shida yao ni hiyo tu, na nyingine ni kusafirishwa kwa boda ikiwa imelazwa. Ukiilaza upande wa filta, oili inaingia kwenye filta. Isimame wima, koki imefungwa.

MkulimaNyando

Wadau nimerudi. Fundi, ilianza kukohoa nikalegeza nailoni, ikavuta pumzi "fsss", injini ikapanda palepale. Nimepata mfuniko Kibuye, leo imemwagilia mpaka petroli imeisha. Asante sana, kabureta sinunui.

Lakini kuna kitu. Jioni nimepima oili vile umesema, bila kukaza. Imezidi mstari wa juu na inanuka petroli. Sijaongeza oili mimi.

FundiKibos

Kabureta imefunguliwa mara mbili, sindano ya boya, ile inayozuia petroli kabureta ikijaa, haikukaa vizuri au ina uchafu. Usiku koki ikiwa wazi petroli inapita, inajaa kabureta, inateremka kwenye silinda mpaka kwenye oili. Usiiwashe kesho. Oili yenye petroli hailainishi kitu, na ikiwa petroli imejaa juu ya pistoni, ukivuta kamba kwa nguvu unaweza kuharibu injini.

Funga koki sasa hivi. Toa plagi, vuta kamba polepole mara chache uone kama petroli inatoka tunduni, ukiwa mbali na jiko. Mwaga oili yote hata kama ni mpya, weka nyingine. Kisha toa kikombe cha kabureta, tazama ncha ya sindano: ikiwa na alama ya mviringo ya kuchakaa, nunua sindano tu. Futa pia pale inapokalia kwa kitambaa safi, usikwangue kwa waya.

Kondele_Spea

Sindano ninazo. Leta ya zamani tulinganishe, ziko za urefu tofauti.

MkulimaNyando

Koki nimefunga. Kijana ndiye huiacha wazi, anasema akifunga asubuhi inachelewa kuwaka. Oili naimwaga kesho asubuhi, halafu nakuja Kondele na sindano mfukoni. Mnafungua saa ngapi?

Kondele_Spea

Saa mbili asubuhi. Jumapili baada ya kanisa.